Pankeki zenye duara la kijani: kisa cha meza ya watu sita

Mtoto ndiye aliyelijua tatizo kwanza, na hakuna aliyemsikiliza. Alitafuna kipande kimoja cha pankeki, akaisukuma sahani, akasema inanuka sabuni. Mhudumu akadhani sahani haikusuuzwa vizuri. Akaomba radhi, akaenda kuzihamishia pankeki zilezile kwenye sahani nyingine. Dakika arobaini zikapita kabla jiko halijatambua kwamba mtoto alisema kweli na kwamba mwosha vyombo hakuwa na kosa lolote.

Kisa hiki ni cha Jumapili moja katika mgahawa wa kawaida wa mtaani, wenye viti kama 50, unaouza pankeki, mayai na kahawa tangu asubuhi hadi mchana. Tunakichambua kwa sababu lawama zilianza kwa wasiohusika, na kwa sababu dalili zote zilikuwa sahanini tangu mwanzo.

Meza na oda

Watu wazima watano na mtoto mmoja walikaa saa 5:20 asubuhi. Oda ilichukuliwa saa 5:32: sahani mbili za pankeki zenye bluberi, sahani moja ndogo ya pankeki za mtoto zisizo na tunda, sahani mbili za mayai ya kutokoswa bila ganda juu ya mkate na sosi ya holandezi (ya siagi na viini vya mayai), na omleti moja. Aliyeagiza omleti hali vyakula vyenye gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, kwa sababu za kiafya. Aliuliza, "Dada, omleti haina unga?" Akajibiwa, "Hapana kaka, ni mayai tu." Wakaongeza ombi moja: cha mtoto kitangulie, vingine vyote viletwe pamoja.

Pankeki za mtoto zilifika saa 5:41. Mayai na omleti vilifika saa 5:58. Pankeki za bluberi zilifika saa 6:04 mchana, nje nyeusi-nyeusi, ndani mbichi.

Sahani iliyorudishwa

Pankeki ya kati ya rundo ilikatwa katikati kwa kisu. Hapo ndipo pa kukata ukitaka kujua hali ya rundo zima, maana ya juu hupoa na kukauka, ya chini hulowa mvuke, ya kati ndiyo husema kweli. Hii ilikuwa na unene wa sentimita moja hivi, na katikati mstari wa rojo bichi wa milimita tatu. Uso ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, karibu kuungua. Ndani hakukuwa na vitundu vidogo vilivyotapakaa. Kulikuwa na mifereji michache mirefu iliyopanda kutoka chini kwenda juu, na nyama yake ilivutika kama mkate usioiva. Kila bluberi ilizungukwa na duara la kijani, rangi ya shaba iliyopata kutu.

Mteja alisema, "Mbichi katikati hizi, dada." Mhudumu akajibu, "Samahani sana mama, nazirudisha jikoni sasa hivi." Mpaka hapo kila mmoja alifanya linalotakiwa. Chakula kibaya kirudishwe ndani ya tonge mbili za kwanza, kasoro itajwe kwa jina lake, na pasiwe na mabishano mezani. "Mbichi katikati" humsaidia mpishi kuliko "sijaipenda".

Jiko likamshuku mtu wa kwanza anayeshukiwa siku zote, yaani moto. Nje imeungua na ndani mbichi maana yake bamba la chuma la kukaangia lina joto kupita kiasi. Kila mpishi wa pankeki anakariri hivyo, na mara nyingi ni kweli. Mpishi akashusha themostati kutoka nyuzi 190 za selisiasi hadi 170, akachota rojo kutoka ndoo ileile, akapika upya. Sahani ya pili ilifika mezani saa 6:19. Uso ukawa mweusi vilevile, ila umechelewa kidogo kufika hapo. Ndani imeiva, lakini ni nzito kama sponji iliyolowa. Harufu ya sabuni imezidi. Na duara la kijani lipo palepale.

Kwa nini haukuwa moto

Kipimajoto cha miale kilielekezwa kwenye bamba kabla halijashushwa joto. Katikati palisoma 188, pembeni 176. Hilo ni joto la pankeki hasa. Kwa rojo zuri, upawa wa mililita 60 hupata rangi ya dhahabu kwa dakika 2 upande wa kwanza, na dakika moja hadi moja na nusu upande wa pili. Asiye na kipimajoto hudondosha matone ya maji: yakikaa na kuchemka taratibu, bamba ni baridi, yakitawanyika na kukimbia huku yakicheza, tayari.

Kama si moto, basi ni msongamano? Tulipiga hesabu. Bamba lina upana wa sentimita 90 na kina cha 60. Nusu yake ni ya bekoni, viazi na mayai ya kukaanga, nusu ni ya pankeki, na hapo hukaa pankeki 12 za kipenyo cha sentimita 12 bila kugusana. Duru moja, ukihesabu kupangusa, kupaka mafuta kidogo na kuliacha bamba lirudishe joto, ni dakika 5. Hizo ni pankeki 144 kwa saa, au sahani 48 za pankeki tatutatu. Tiketi za oda zilizotundikwa dirishani kuanzia saa 5:10 hadi 6:22 zilikuwa na sahani 31. Jiko lilikuwa na haraka, lakini halikuwa limezidiwa.

Likabaki lile duara la kijani, ambalo wengi waliliona na kudhani ni maji tu ya tunda.

Bluberi haisemi uongo

Rangi ya bluberi inatokana na anthosianini, na rangi hiyo hubadilika kufuata asidi. Kwenye uchachu huwa nyekundu au zambarau. Uchachu ukiisha huelekea buluu. Kwenye alkali, kinyume cha asidi, hugeuka kijani. Rojo la pankeki lililochanganywa kwa mtindi lina uchachu wa kutosha kuiacha bluberi zambarau. Ikiwa kijani, kuna alkali iliyozidi ndani ya ndoo, na jikoni mwa pankeki alkali ni moja tu: bekingi soda.

Ukishajua hilo, kila dalili nyingine inapata maelezo. Alkali huharakisha kubadilika rangi kwa unga, sukari na maziwa vikikutana na joto, ndiyo maana uso uliwahi kuwa mweusi katika joto la kawaida. Mpishi anapika kwa jicho. Alipoona rangi ya kugeuza akageuza, alipoona rangi ya kutoa akatoa, na katikati hapakuwa pameiva. Alipopunguza moto alipata muda zaidi wa kuivisha, lakini rangi na harufu havikuondoka, kwa kuwa chanzo hakikuwa chini ya bamba.

Na sabuni? Soda inayokutana na asidi huisha kwa kutoa gesi. Soda isiyopata asidi hupasuliwa na joto. Hutoa gesi kidogo, kisha huacha kaboneti ya sodiamu, ambayo kikemia ndiyo magadi ya kufulia. Ndiyo ladha aliyoionja mtoto. Watu wazima walikuwa na shira, siagi na kahawa za kuificha. Mtoto alikula pankeki tupu.

Ndoo ya saa mbili na nusu

Rojo lilichanganywa saa 2:30 asubuhi kwa ajili ya siku nzima: lita 8 za mtindi, kilo 4.2 za unga wa ngano, mayai 32, gramu 800 za siagi iliyoyeyushwa, gramu 400 za sukari, gramu 145 za bekingi pauda, gramu 40 za bekingi soda, na chumvi. Vipimo vyenyewe havina ubaya. Kosa ni kuvichanganya vyote mara moja.

Soda ikigusa mtindi huanza kutoa gesi papo hapo, na baada ya nusu saa sehemu kubwa imekwisha kazi. Bekingi pauda ya kawaida ya madukani hufanya kazi mara mbili: sehemu yake ikilowa, na sehemu iliyobaki ikipata joto la bamba. Kwa hiyo rojo la zamani halifi kabisa, hubaki na ile pumzi ya pili, lakini limepoteza ile ya kwanza. Wakati huohuo unga unaendelea kunywa maji na rojo linazidi kuwa zito. Saa 5:10, ndoo ikiwa nusu, lilikuwa zito, limetulia, halina kiputo juu.

Mpishi aliyelichanganya alikuwa ameshahamia kwenye mayai. Aliyepokea bamba hakuambiwa lilichanganywa saa ngapi, na ndoo haikuandikwa kitu. Akafanya ambalo wengi hulifanya wakiona rojo limelala: akaongeza maziwa ya kawaida, akaongeza vijiko vikubwa vitatu vya soda, akapiga kwa nguvu mpaka likatoa povu.

Vijiko vitatu ni gramu 42 hivi. Nusu ya ndoo ilikuwa na lita 4 za mtindi, ambazo uchachu wake wote humalizwa na gramu 40 hivi za soda (kipimo cha jikoni ni nusu kijiko cha chai kwa mililita 240 za mtindi). Gramu 20 zilikwishaingia tangu asubuhi. Jumla ikawa 62. Kiasi kilichozidi ndicho kilichokwenda mezani.

Kupiga kwa nguvu kuliongeza kosa la pili. Rojo la pankeki hukorogwa mpaka unga mkavu usionekane, basi. Madonge madogo huachwa, yatajimaliza yenyewe. Ukipiga, gluteni hujisuka, gesi haitawanyiki, inatafuta njia moja ya kupanda, na hiyo ndiyo mifereji iliyoonekana kwenye pankeki iliyokatwa.

Hili la muda lina upande wa usalama pia, na tungelilaumu hata kama pankeki zingekuwa tamu. Rojo lenye mayai mabichi na maziwa halikai juu ya meza ya jiko tangu saa mbili na nusu mpaka saa sita. Muda wa saa 2 nje ya friji ni mwingi, tena kwenye jiko lenye joto ni mwingi mno.

Swali la haki ni hili: katika sahani 31, mbona meza moja tu ililalamika? Jibu lilikuwa kwenye karai la mabaki. Mwosha vyombo alisema baadaye kwamba tangu saa tano na nusu pankeki zilikuwa zinarudi nusu. Wateja wengi hawalalamiki, wanaacha. Mtu aliyekuwa na taarifa kamili kuliko wote jikoni ni yule ambaye hakuna aliyemuuliza.

Omleti

Saa 6:22 mpishi wa mayai alikuja kuonja rojo kwa ncha ya kijiko, akatema, akasema limwagwe. Kisha akaongeza, kama jambo dogo: "Na jagi la omleti tulimwage, lina rojo hilohilo."

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba omleti ya yule asiyekula gluteni ilikuwa na unga. Baadhi ya migahawa ya pankeki hutia upawa wa rojo kwenye mayai yaliyopigwa ili omleti iumuke na ijae sahani. Si siri wala si udanganyifu kwa mteja wa kawaida, na ukiitazama utaijua: ni nene, ina vitundu kama keki, na haipungui urefu ikipoa. Omleti ya mayai matupu hujikunja na kushuka. Mhudumu hakudanganya, alijibu anavyojua yeye omleti inavyopikwa nyumbani. Kosa lake ni kujibu bila kwenda kuuliza.

Mteja huyo alikuwa amekula nusu. Meneja alikwenda mezani mwenyewe, akamwambia wazi kilichokuwemo, na hilo lilikuwa sahihi: anayeijua afya yake anahitaji kuambiwa amekula nini, tena mapema, ili aamue la kufanya. Kuomba radhi kwa ujumla na kumpa kahawa ya bure kusingemfaa kitu.

Kwa anayekwepa gluteni katika mgahawa wa aina hii, swali "haina unga?" halitoshi. Maswali ni matatu: mayai yanavunjwa sasa hivi au yanatoka kwenye jagi? Yanapikwa kwenye bamba la pankeki au kwenye kikaango cha peke yake? Mwiko wa kugeuzia ni ule ule? Hata yai tupu likikaangwa pale pankeki zilipotoka huondoka na chembe. Tena pankeki za unga wa buckwheat (mbegu isiyo na gluteni), ambazo wengi huziamini kwa kuwa buckwheat si ngano, mara nyingi huchanganywa na ngano ili zishikane.

Sosi iliyopata ngozi

Kasoro ya mayai na holandezi ilikuwa ndogo. Sosi ilikuwa na ngozi juu na viini vimeganda. Ngozi hiyo ni saa: sahani imekaa chini ya taa ya joto dakika kadhaa ikisubiri nyingine. Holandezi ni siagi iliyoshikwa na viini vya mayai. Hupenda joto la nyuzi 60 hivi, ikizidi sana hukatika, na ikianikwa chini ya taa hukauka juu. Yai nalo huendelea kuiva ndani ya ute wake.

Hapa meza nayo ilichangia. "Vyote viletwe pamoja" kwa watu sita, saa ya msongamano, maana yake sahani za haraka zisubiri za polepole. Jiko lilisubiri pankeki, likachoka, likatoa mayai saa 5:58 yakiwa yamekwishaharibika. Katika mgahawa mdogo wenye bamba moja ni afadhali kusema kila kitu kije kikiwa tayari. Pankeki hazivumilii kungoja hata kidogo. Ukizifunika hutoa mvuke na kulowana, ukiziacha wazi hupoa kwa dakika tatu. Jiko likilazimika kuzishikilia, huzitandaza safu moja juu ya waya ndani ya oveni ya nyuzi 90, zisipandane, na zisipite robo saa.

Marekebisho ya siku ile

Rojo jipya lilichanganywa dogo: lita 1 ya mtindi, gramu 520 za unga, mayai 4, gramu 100 za siagi, gramu 50 za sukari, gramu 18 za bekingi pauda, gramu 5 za soda, gramu 6 za chumvi. Hiyo ni lita 1.8 hivi, pankeki 30, sahani 10. Dakika 3 za kuchanganya, dakika 6 za kupumzika, dakika 4 kwenye bamba. Mtindi ulikuwa umetoka friji, hivyo siagi ya moto iliganda vipunje-vipunje ndani yake. Haiharibu pankeki, ila huacha madoa ya mafuta usoni. Anayetaka uso laini huuacha mtindi upoteze ubaridi kidogo kwanza, au huchanganya siagi na viini vya mayai kabla ya kumimina.

Bluberi hazikukorogwa ndani ya ndoo. Zilinyunyizwa saba au nane juu ya kila pankeki mara tu rojo lilipomiminwa. Za kugandishwa huachia maji baridi na kuchelewesha kuiva pale zilipo, kwa hiyo chache zinatosha. Pankeki iligeuzwa viputo vilipopasuka na matundu yake kubaki wazi, kingo zikiwa zimepoteza ule mng'ao wa unyevu. Kabla ya hapo ni mapema, hata kama chini kuna rangi.

Sahani ya tatu ilifika saa 6:36. Tunda lilikuwa zambarau. Wakati wa kungoja, meza ililetewa matunda yaliyokatwa, na mtoto akaangiwa pankeki tatu ndogo za mililita 30 zilizotangulia wengine. Mwenye omleti alipikiwa mayai yaliyovunjwa mbele ya meneja, kwenye kikaango kilichooshwa. Sahani zilizorudishwa hazikuingia kwenye bili. Omleti na zile za holandezi pia ziliondolewa, ingawa moja ya holandezi ililiwa ikaisha. Meneja hakubishana juu ya hilo, na tunadhani alifanya vizuri.

Mhudumu awali alikuwa amependekeza punguzo badala ya kupika upya. Mteja alikataa punguzo, akataka pankeki. Punguzo lingemaliza lalamiko la meza hiyo, na ile ndoo ingeendelea kulisha meza nyingine saba zilizokuwa zinasubiri.

Utaratibu wa sasa

Unga na viungo vikavu hupimwa usiku katika mifuko ya kundi moja moja la lita ya mtindi. Vinyevu hukaa friji. Kundi huchanganywa kila likikaribia kwisha lililopo, na kipande cha utepe chenye saa hubandikwa kwenye bakuli. Lililopita nusu saa halifufuliwi. Kopo la soda limeondolewa kwenye rafu ya bamba na kuwekwa stoo; anayeitaka ataifuata huko, na njiani atapata muda wa kufikiri. Jagi la omleti halitiwi rojo tena.

Na kila kundi jipya hutanguliwa na pankeki moja ya majaribio, kijiko kikubwa kimoja cha rojo na bluberi moja katikati. Mpishi huikata, hutazama rangi ya tunda, na huila bila shira.